Kimbunga kimeisha, mbona barabara bado ni mto?

Usiku wa Mei 4, 2024, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) ilitoa taarifa kwamba Kimbunga Hidaya kimeingia nchi kavu Mafia na kupoteza nguvu kabisa. Watu wakashusha pumzi. Boti za Unguja zilikuwa zimesimamishwa, wavuvi wamevuta ngalawa zao hadi juu, na kila kundi la familia kwenye simu lilikuwa na ujumbe wake wa kutisha. Kumbe huko kusini maji ndiyo kwanza yalikuwa yanaanza kazi: barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikatika Somanga, na mabasi yakakwama na abiria wake. "Sasa kimeisha au hakijaisha?" aliniuliza mama anayeuza vitumbua mtaani kwetu, huku akiruka kutoka tofali moja hadi jingine ili afike kwenye jiko lake.

Swali hilo lina pacha wake. Aprili 25 mwaka huohuo, siku kumi kasoro kabla ya Hidaya kufika, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kwamba watu 155 walikuwa wamekwishafariki nchini kutokana na mvua za msimu ule. Mvua hizo hazikuwa na jina. Hapakuwa na kimbunga pwani, hapakuwa na ramani ya duara jekundu iliyosambazwa kwenye simu. Ni masika tu. Kwa hiyo mtu ana haki ya kuuliza: kama mvua isiyo na jina inaua hivyo, na kimbunga chenye jina kikifa maji bado yanapanda, ni nini hasa kinachoigeuza barabara kuwa mto?

Jibu linachanganya kwa sababu tunatumia neno moja kwa mambo matatu: upepo, mvua na mafuriko. Tuyatenganishe kwanza.

Jina hupewa upepo

Kimbunga ninachokizungumzia hapa si chamchela, kile kisulisuli cha vumbi kinachopeperusha mabati na kupotea baada ya dakika mbili. Hiki huzaliwa baharini. Maji ya bahari yakifika nyuzi joto 26 na nusu hivi au zaidi, mvuke mwingi hupanda, hewa ya pembeni hukimbilia kuziba nafasi iliyoachwa, na mzunguko wa dunia huipinda hewa hiyo hadi izunguke kama maji yanayoshuka kwenye tundu la sinki. Karibu na ikweta nguvu hiyo ya kupinda ni ndogo mno, ndiyo maana vimbunga ni nadra kwetu na si jambo la kila mwaka kama ilivyo Madagascar. Nadra si kusema havijawahi kuja. Aprili 1872 kimbunga kiliing'oa mikarafuu ya Unguja kwa wingi kiasi kwamba Pemba, iliyonusurika, ndiyo ikawa kisiwa cha karafuu hadi leo. Aprili 1952 kingine kiliipiga Lindi.

Sasa angalia namna kinavyopimwa. Katika upande wetu wa Bahari ya Hindi, dhoruba hupewa jina upepo wake ukifika kilomita 63 kwa saa, na huitwa kimbunga kamili ukifika kilomita 118 kwa saa. Upepo, basi. Hakuna mahali katika kipimo hicho panapouliza kimebeba maji kiasi gani. Kwa hiyo taarifa ikisema "kimepoteza nguvu," inasema kweli, lakini inazungumzia upepo.

Fikiria sufuria kubwa juu ya jiko la mkaa. Bahari yenye joto ndiyo mkaa. Kimbunga kikipanda nchi kavu, ni kama umeutoa mkaa jikoni: mchemko unatulia. Lakini sufuria bado limejaa maji, na maji hayo lazima yamwagike mahali.

Watu wa Houston, Marekani, walilijua hilo kwa gharama kubwa. Agosti 25, 2017, Kimbunga Harvey kilitua pwani ya Texas kikiwa na upepo wa kutisha. Siku iliyofuata upepo ulikuwa umeshuka, kimekuwa dhoruba ya kawaida. Tatizo ni kwamba kiligoma kuondoka. Kilizungukazunguka hapohapo kwa siku kadhaa kikimwaga maji, hadi sehemu za Houston zikapata zaidi ya milimita 1,000, na kituo kimoja mashariki mwa jiji hilo kikapima zaidi ya milimita 1,500. Karibu watu wote waliouawa moja kwa moja na Harvey huko Texas waliuawa na mafuriko ya mvua. Upepo ulihusika na wachache sana.

Milimita moja ni maji kiasi gani?

Hapa ndipo taarifa za hali ya hewa zinapowapoteza wengi, na sishangai. Mtu akisikia "milimita 50" anafikiria rula ya mtoto wa shule, anaona ni kidole tu. TMA wao wanaposema mvua kubwa, wanamaanisha zaidi ya milimita 50 ndani ya saa 24. Kwa nini kidole hicho kiitwe kikubwa?

Kwa sababu milimita moja ya mvua juu ya eneo la mita moja ya mraba ni lita moja kamili ya maji. Chukua nyumba yenye paa la mita 10 kwa 8. Hizo ni mita za mraba 80. Mvua ya milimita 100 itaangusha juu ya paa hilo lita 8,000, yaani ndoo 400 za lita 20, kutoka paa moja. Hesabu mapaa ya mtaa wako, ongeza uwanja wa shule, barabara ya lami, maegesho ya baa ya kona. Bonde zima la Mto Msimbazi, unaokatiza jiji la Dar es Salaam, kuanzia vilima vya Pugu na Kisarawe hadi baharini kwenye Daraja la Selander, lina ukubwa wa karibu kilomita za mraba 290. Milimita 100 zikinyesha bonde zima, ni lita bilioni 29. Ukitaka kuyabeba kwa maboza ya lita 10,000, utahitaji maboza milioni 2.9.

Desemba 2011 jiji lilipata takriban milimita 156 kwa siku moja. Zaidi ya watu 40 walifariki, na waliookolewa kwenye mabonde wakapelekwa kuanza upya Mabwepande. Upepo wa siku ile hakuna anayeukumbuka.

Mlango wa uwanja

Lakini wingi wa maji ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni kasi ya kufika kwake, na hapo ndipo ninapoona mazungumzo yetu yanakwenda kombo.

Mwaga ndoo ya maji kwenye tuta la mchicha. Yanazama, machache yanachuruzika, na yanachukua muda. Mwaga ndoo hiyohiyo kwenye sakafu ya vigae: sekunde mbili yapo mlangoni. Dar es Salaam tumekuwa tukibadilisha matuta ya mchicha kuwa vigae kila siku. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni 5.38 katika mkoa huu. Kila familia inataka paa, ua wa pevingi usio na tope, na barabara ya lami hadi getini. Hakuna kosa katika kutaka hivyo. Ila kila mita tunayoifunika inaharakisha maji.

Uwanja wa Benjamin Mkapa unachukua watu 60,000. Siku ya Simba na Yanga, kama matokeo yameshajulikana mapema, watu huanza kuondoka kidogokidogo na milango inatosha. Ikiwa mechi imeng'ang'ania hadi dakika ya mwisho, wote wanainuka kwa pamoja kipyenga kikilia, na milango ileile inasongamana hadi mtu anaogopa kukanyagwa. Watu hawajaongezeka. Wamefika mlangoni kwa wakati mmoja. Mtaro ndio mlango huo. Mvua iliyokuwa ikichukua saa sita kufika Jangwani, lile eneo la chini la Msimbazi katikati ya jiji, ikipita kwenye majani, mashamba ya mpunga na madimbwi, sasa inateleza juu ya zege na kufika kwa mkupuo.

Hii ndiyo sababu nakuwa mwangalifu mtu anaposema, "Wajenge mitaro mikubwa tu, yaishe." Mtaro mpana kule juu unaondoa maji kwako na kuyafikisha haraka zaidi kwa jirani wa chini. Mtaa unaokauka kwa dakika kumi mara nyingi una mtaa mwingine unaouchukia bila kuujua. Mitaro inahitajika, sibishi, lakini lazima iende pamoja na mahali pa kuyapumzisha maji njiani: mabwawa ya kuyashikilia, maeneo ya wazi, kingo za mito zilizoachwa na nyasi zake.

Mwezi nao una usemi

Sasa tuseme maji yamefika mwisho wa mto. Yatatokaje?

Muulize mvuvi yeyote wa Feri, kwenye soko la samaki, atakueleza habari ya bamvua na maji mafu. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari hujaa sana na kupwa sana. Hiyo ni bamvua. Katikati yake ni maji mafu, ambapo tofauti ni ndogo. Pwani ya Dar es Salaam, wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa huzidi mita tatu, sawa na urefu wa chumba.

Mto Msimbazi unaingia baharini kwenye mikoko ya Selander, mahali palipo chini sana. Bahari ikipwa, mto unamwaga. Bahari ikijaa wakati wa bamvua, ni kama mtu amesimama mlangoni na kusukuma kwa ndani. Maji ya mto yanarudi nyuma na kutanda Jangwani, Mchikichini na Kigogo. Ndiyo maana mvua mbili za ukubwa uleule zinaweza kuleta matokeo tofauti kabisa: moja ilikuja bahari ikiwa imekupwa, nyingine ilikutana na bamvua. Kimbunga kikiwa karibu hali huwa mbaya zaidi, kwa kuwa upepo wake huisukuma bahari yenyewe kuja juu. Beira, Msumbiji, mji uliojengwa sehemu kubwa karibu sawa na usawa wa bahari, ulipigwa na Kimbunga Idai usiku wa Machi 14 kuamkia 15, 2019, ukapata mambo matatu kwa pamoja: upepo, bahari na mito.

Tope, mchanga na vyoo vinavyotapishwa

"Ni taka tu, wananchi hawana ustaarabu." Hii nimeisikia mara nyingi, hasa kutoka kwa wanaokaa mlimani. Taka zinaziba, ni kweli. Chupa za plastiki, magunia, mabaki ya magodoro, yote nimeyaona yamejibana kwenye kalvati moja hadi maji yakaamua kupita juu ya barabara. Ila ukiacha taka, kuna mzigo mkubwa ambao hausemwi sana: mchanga. Kila kilima kinachofyekwa ili kijengwe kule Pugu, Kinyerezi na Kimara, kila ukingo unaochimbwa mchanga wa kufyatulia matofali, udongo wake unashuka na mvua. Ukifika chini, mahali ambapo mto unapunguza mwendo, unatua. Kina cha mto kinapungua mwaka hadi mwaka. Pale Jangwani mitambo imechimba mchanga chini ya daraja mara nyingi, na msimu unaofuata umejaa tena, kwa sababu unakotoka hakujaguswa.

Jambo jingine nalisema kwa masikitiko. Maji yanayojaa mtaani si maji ya mvua tena. Nyumba nyingi za jiji hili hazijaunganishwa na mabomba ya majitaka; tuna vyoo vya shimo na makaro. Gari la kunyonya choo ni ghali, na katika vichochoro vingi haliingii kabisa. Kwa hiyo mvua ikikolea, usiku, wapo wanaotoboa shimo na kukiacha choo kitapike mtaroni. Tunaiita kutapisha, kana kwamba kulipa jambo jina la upole kunalifanya liwe dogo. Asubuhi watoto wanaogelea humohumo. Kipindupindu na homa ya matumbo hupita hapo, pia homa ya mgunda, ile iliyozuka Ruangwa mwaka 2022, ambayo huenezwa na mikojo ya wanyama, panya wakiwemo, iliyoingia kwenye maji. Mwenye kidonda mguuni asiingie kabisa. Maji ya kunywa yachemshwe hata kama bomba linaonekana safi, kwa sababu bomba lililopasuka chini ya dimbwi linavuta kilichomo kwenye dimbwi.

Kimbunga cha mbali nacho kinatuhusu

Mara kadhaa nimeona watu wakibishana: kimbunga kiko Madagascar, sisi kinatuhusu nini? Kinatuhusu, ingawa si kila mara kwa namna moja. Kimbunga kikubwa huvuta hewa yenye unyevu kutoka mbali. Kikiwa mahali fulani, huvuta unyevu kutoka Kongo kuja Afrika Mashariki na kutuongezea mvua. Vimbunga Dumazile na Eliakim, Machi 2018, vilihusishwa na mvua kubwa za Kenya. Kikiwa mahali pengine, huvuta unyevu wetu kwenda kwake. Idai ilipokuwa ikiitesa Msumbiji mwaka 2019, masika yetu yalichelewa. Kwa hiyo "kimbunga kipo" si lazima kumaanisha "mvua inakuja," na kimbunga kukosekana si amani.

Kilichobadilika ni kwamba hewa yenyewe ina joto zaidi kuliko ya mababu zetu, na kila nyuzi moja ya joto inaiwezesha kubeba mvuke zaidi kwa asilimia 7 hivi. Ndoo imekuwa kubwa kidogo. Ikimwagwa, inamwaga zaidi.

Hapo ndipo linapoingia neno linalokera wengi: "mvua ya miaka 100." Mtu husikia hivyo akadhani ikishanyesha leo, wajukuu zake ndio wataiona tena. Maana yake ni nyingine. Ni mvua ambayo kila mwaka ina nafasi moja kati ya 100 ya kutokea. Chukua mfuko wenye vishikizo 100, kimoja chekundu. Kila mwaka unachomoa kimoja bila kuangalia, kisha unakirudisha. Unaweza kuchomoa chekundu miaka miwili mfululizo. Na ukikaa kwenye nyumba ya bondeni miaka 30, una nafasi kama moja kati ya nne ya kukipata angalau mara moja. Nani angepanda basi ambalo moja kati ya manne yake hupata ajali?

Mwaka ule wa 2024 kulikuwa na uvumi mwingine, kwamba Dar es Salaam imejaa kwa sababu "wamefungulia bwawa." Mafuriko ya Rufiji na Kibiti yana mjadala wake kuhusu Bwawa la Nyerere, lile la umeme kwenye Mto Rufiji, lakini Rufiji ni bonde jingine, unaingia baharini kusini kabisa ya jiji. Maji yake hayapiti Jangwani.

Maji ya goti

Nimeacha kosa linaloua mwishoni. "Ni ya goti tu, pita." Maji yaliyosimama ya goti ni usumbufu. Maji ya goti yanayokwenda ni kitu kingine. Sentimita 15 za maji yanayokimbia, chini kabisa ya goti, zinatosha kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 huanza kuliinua gari dogo, na 60 hubeba magari mengi, hata yale marefu tunayoyaamini. Gari halizami kwanza. Linaelea, magurudumu yanaacha kushika lami, na usukani unakuwa pambo. Tena chini ya yale maji ya kahawia huoni kama mfuniko wa mtaro bado upo. Vijana wanaovusha watu mgongoni kwa mia tano wanaijua barabara kwa miguu yao, na hata wao hugeuka wakiona maji yanavuta.

Rangi za taarifa za TMA zisomwe hivyo, kwa macho ya maji na mahali unapokaa. Njano ni angalizo, chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Chungwa kwa mtu wa Goba kwenye mwinuko inaweza kuwa siku ya kuchelewa kazini. Chungwa hiyohiyo kwa mtu wa bondeni, ikiangukia bamvua, ni siku ya kupandisha vitu juu, kuzima swichi kuu ya umeme kabla maji hayajafika kwenye soketi, na kuwapeleka watoto kwa shangazi mapema, mchana, bila kusubiri saa nane za usiku.

Kuhusu Jangwani yenyewe kuna kazi imeanza. Mradi wa kuendeleza bonde la Msimbazi, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia mkopo wa dola milioni 200 mwaka 2022, unakusudia kupanua njia ya mto, kujenga daraja jipya lililoinuka zaidi na kuligeuza eneo la chini kuwa bustani ya jiji, mahali ambapo maji yakija yatakuta nyasi na viwanja vya mpira. Wazo hilo naliunga mkono. Ninachokiangalia ni kule juu, Pugu na Kinyerezi, kama vilima vitaendelea kufyekwa vikitumwagia mchanga.

Mama wa vitumbua nilimjibu kwa mfano wa sufuria na mkaa, kwa kuwa alikuwa navyo mbele yake. Alisikiliza, akageuza kitumbua, akaniuliza bamvua ijayo ni lini. Tukatazama juu, mchana kweupe, kama tungeweza kuuona mwezi.